Springi za Vali za Injini: Jinsi ya Kuchagua Zana Ifaayo

Katika ufundi wa mitambo zipo kazi zionekanazo ndogo, nazo zina hatari kubwa. Mojawapo ni kubadili springi za vali. Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye bisibisi mbili na nyundo aweza kuifanya kazi hii popote, hata chini ya mwembe. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini sivyo, na jinsi fundi anavyopaswa kuchagua zana yake. Hata asiye fundi yamfaa kujua mambo haya, maana mwenye lori au mashine ya kusaga ndiye atakayelipa gharama injini ikiharibiwa.

Kwanza tueleze vali ni nini. Ni vilango vya chuma vilivyo juu ya chumba cha moto katika silinda. Kimoja huingiza hewa, au hewa iliyochanganyika na petroli, na kingine hutoa moshi. Mhimili wenye vinundu, ambao mafundi huuita kemshafti, huvisukuma vifunguke. Lakini kuvifunga ni kazi ya springi. Katika injini ya mipigo minne, krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufungwa mara 1,500, yaani mara 25 kwa kila nukta moja ya saa. Springi iliyochoka haiwezi kuifunga vali upesi. Nguvu ya injini hupungua, na springi ikikatika vali yaweza kugongana na pistoni.

Sasa tutazame jinsi springi inavyofungwa. Vali ina shina jembamba, na springi hulizunguka shina hilo. Mwishoni mwa springi pana kisahani chenye tundu katikati, na ndani ya tundu hilo mna vikabari viwili vidogo vinavyoukumbatia mfuo uliochongwa katika shina. Springi hukisukuma kisahani, nacho huvikaza vikabari. Kwa hiyo ili kuitoa springi hapana budi kwanza kuibana, mpaka kisahani kishuke na vikabari vipate nafasi ya kutoka.

Hapo ndipo penye hatari. Springi iliyobanwa ni nguvu iliyowekwa akiba. Hubana kwa nguvu kubwa hata vali ikiwa imefungwa, na fundi akiibana zaidi nguvu huongezeka. Zana ikiteleza, nguvu hiyo yote hutoka mara moja: kisahani na vikabari huruka, na uso wa fundi u karibu nao. Kipande cha chuma kidogo kama punje ya mahindi chaweza kumpofusha mtu.

Basi zana ifaayo huwa na sifa tatu. Ya kwanza, hukishika kisahani pande zote mbili, wala si upande mmoja. Ya pili, huibana springi kwa kunyoka, isiipinde. Ya tatu, hujifunga yenyewe, ili fundi aitumie mikono yake kutolea vikabari bila kupigana na springi. Bisibisi haina hata moja ya sifa hizi. Hukishika kisahani mahali pamoja, hukiinamisha, huchubua shina la vali, kisha huteleza. Nyundo nayo huvirusha vikabari bila mtu kujua viendako.

Kabla ya kuchagua zana, fundi ajiulize: Je, kichwa cha silinda kimefunguliwa au kiko mahali pake? Kikiwa kimefunguliwa, zana iliyo bora ni kibano chenye umbo la herufi C. Ncha yake moja hukaa juu ya uso wa vali, na ncha ya pili, yenye kikombe kilichokatwa dirisha, hukikalia kisahani. Mkono wa kibano au parafujo yake ikikazwa, springi hubanwa, na vikabari hutolewa kupitia dirisha lile. Kikombe kiwe na kipimo cha kisahani: kikiwa kipana mno huteleza, kikiwa chembamba mno hufunika vikabari visitoke. Katika injini nyingi za siku hizi springi zimo ndani ya mashimo marefu, hivyo hutakiwa kikombe kirefu kifikacho chini bila kukwaruza kuta za shimo.

Zipo pia injini za zamani ambazo vali zake ziko ubavuni, ndani ya bloku, kama zile za Ford Model A iliyotengenezwa tangu mwaka 1927 hadi 1931, na za Jeep ya Willys iliyotumika katika Vita ya Pili ya Dunia. Katika Jeep ile springi hubanwa kwa kuinuliwa juu, kwa zana yenye panda mbili zinazoingia chini ya kisahani. Lakini Chevrolet ya silinda sita, iliyotoka mwaka 1929, vali zake zilikuwa juu. Kwa hiyo zana iliyofaa gari moja haikufaa jingine, ingawa yote mawili yalikuwa motokaa.

Ikiwa kichwa cha silinda hakikufunguliwa, zipo zana mbili. Moja ni wenzo unaopata egemeo lake katika skrubu au mhimili wa roka. Mkono mmoja huusukuma chini, na mwingine hutoa vikabari. Huu hufanya kazi upesi, lakini haujifungi wenyewe, kwa hiyo wataka mtu mwenye nguvu na utulivu. Ya pili ina kulabu zinazoshika mapindi ya springi, na parafujo katikati. Hii hufanya kazi polepole lakini hukaa yenyewe, nayo yafaa mahali pembamba. Lazima kulabu zishike pande mbili zilizoelekeana, la sivyo springi hupindika na kuchomoka.

Tena katika kazi hii kuna jambo jingine la kuangaliwa sana: vali isipozuiwa kutoka chini, vikabari vikitoka itatumbukia ndani ya silinda, na hapo kichwa hakina budi kufunguliwa. Wenye kompresa huingiza hewa kupitia tundu la plagi, kwa shinikizo la kadiri ya ratili 80 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba. Kwanza pistoni ipandishwe juu kabisa, gari litiwe gia na kufungwa breki, na spana iondolewe katika krenki; kwa maana hewa yaweza kuisukuma pistoni, krenki ikazunguka ghafula na spana ikampiga fundi. Asiye na kompresa aweza kutumia kamba safi ya nailoni. Pistoni ikiwa chini kidogo na vali zote mbili zimefungwa, kamba huingizwa kwa tundu la plagi, na ncha yake iliyofungwa fundo huachwa nje. Kisha krenki huzungushwa polepole kwa mkono, mpaka pistoni iisukume kamba na kamba izizuie vali. Njia hii haihitaji umeme wala hewa.

Utaratibu wa kazi ni huu. Ondoa waya wa betri. Vaa miwani ya kukinga macho, wala usiinamishe uso juu ya springi. Ziba kwa kitambaa matundu yote yashukayo penye mafuta. Bana kidogo, vikabari vikikwama, legeza zana, ukigonge kisahani polepole kwa bomba na nyundo ya mpira, kisha bana tena. Toa vikabari kwa sumaku, na uvihesabu: vali 8 zina vikabari 16. Springi ambayo mapindi yake upande mmoja yamekaribiana, upande huo huelekezwa penye kichwa cha silinda. Ukirudisha, paka grisi kidogo ili vikabari vishike katika mfuo, na uhakikishe vyote viwili vimekaa kabla ya kulegeza zana polepole.

Mwisho twawapa wenye magari na mitambo maswali matatu ya kumwuliza fundi kabla hajaanza: Utaibana springi kwa zana gani? Vali itazuiwa na nini isianguke? Vikabari ni vingapi? Fundi wa kweli hatachukizwa, bali atajibu mara moja. Asiyeweza kujibu, heri kumngojea mwingine, hata ikiwa mashine itanyamaza siku mbili. Haraka haraka haina baraka. Na zana hununuliwa dukani, lakini jicho halinunuliwi.