MATO AU MACHO? SOMO NILILOPATA MKUNGUNI

Mwalimu mlezi wetu aliponipa kazi ya kuandika somo kuhusu uhuru wa mshairi, nilifurahi kwa kuwa maelezo yote nilikuwa nayo daftarini. Lakini wiki ile tamasha la utamaduni lilikuwa limeingia hapa mjini kwetu Lamu. Watu walikuwa tele kutazama mashindano ya mashua na ya punda, na washairi na mafundi walikuwa hapo hapo barazani. Nikaona, mbona ninakili daftari na wenyewe wapo? Kuuliza si ujinga, wahenga walisema.

Kabla sijaendelea, nina jambo la kukiri. Mwaka jana tulipata wageni nyumbani, na nyanya yangu akasema, "Mato yangu hayaoni mbali siku hizi." Mimi nikamkosoa mbele yao: "Si mato, nyanya, ni macho." Wageni wakacheka. Nyanya hakusema kitu. Lakini tangu siku ile, akizungumza nami huyachagua maneno kama mtu anayechambua mchele, na vitendawili alivyokuwa akinitegea jioni vikaisha. Sikujua kwamba kazi hii ya chama ingenirudisha kwenye neno lile lile.

Tuanze na somo lenyewe. Darasani tumefundishwa kwamba mshairi ana uhuru, wengine huuita idhini, wa kwenda kinyume na kanuni za lugha ili atosheleze arudhi. Aweza kufupisha neno, yaani inkisari: "niambie" ina mizani 4, akisema "nambie" inakuwa 3. Aweza kulirefusha, yaani mazida: "enda" ina mizani 2, "enenda" ina 3. Aweza kupangua mpango wa maneno katika sentensi. Na mwisho wa orodha hiyo huja matumizi ya lahaja, mfano "mato" badala ya "macho". Mimi niliikariri orodha hiyo na alama nikapata.

Siku ya kwanza nilikwenda Mkunguni, pale mbele ya ngome wanapokaa wazee. Alikuwapo mzee mmoja malenga ambaye alikuwa ametoka kughani shairi lake. Nikamwamkia, akaniambia, "Ndoo uketi hapa." Nikafungua daftari na kumwuliza kwa adabu, "Mzee, nimesikia ukisema mato. Je, hapo ulitumia uhuru wa mshairi?"

Akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Uhuru upi, mwanangu? Hebu nihesabie mizani ya macho."

"Ma-cho. Mbili."

"Na mato?"

"Ma-to. Mbili."

"Sasa mimi nilipunguza nini? Niliongeza nini?"

Nilikosa la kusema. Nenda nawe ukajaribu. Chukua kipande hiki nilichokitunga mwenyewe: "Macho yangu yameona." Ni mizani 8. Sema "Mato yangu yameona." Ni 8 vile vile. Mzee hakuwa amevunja kanuni yoyote kwa ajili ya shairi. Alikuwa akisema tu lugha aliyonyonya kwa mamake.

Siku ya pili nilipita kwa fundi mmoja wa kuchonga milango. Sikuwa na nia ya kumwuliza ushairi, nilisimama kutazama tu. Yeye mwenyewe akanionyesha mwimo aliokuwa akiuchonga maua. Maua yalikwenda sawasawa kutoka chini, lakini karibu na juu moja lilikuwa jembamba kuliko mengine. "Hapa nafasi ilinipungukia," akasema, "ikabidi nilibane ua lienee. Lakini haya mengine sikuyabana, ndivyo yalivyo. Ndivyo nilivyofunzwa na mwalimu wangu." Akaendelea kugonga patasi yake.

Nilisimama pale nimeduwaa. Lile ua lililobanwa ndilo inkisari! Na yale mengine ndiyo "mato" ya mzee wa Mkunguni. Mtu asiyejua uchongaji angeweza kuyaona yote kuwa makosa, kwa sababu tu hayafanani na maua ya mlango wa kwao.

Siku ya tatu nikampata mama mmoja anayetunga mashairi ya harusi na ya mawaidha. Nikamweleza niliyoyasikia, nikiwa na hakika sasa kwamba somo limekwisha. Yeye akatikisa kichwa. "Usiharakishe," akasema. "Mimi ni mtu wa Amu, kwetu ni mato. Lakini kuna shairi langu nimesema macho. Nilikuwa na kina cha -cho, nimeshatia kificho na kijicho, sasa mato ningeyaweka wapi? Hapo ndipo nilipotumia huo uhuru wenu."

Umeona, msomaji? Kwa mama huyu mambo yamegeuka. "Mato" ndiyo kawaida yake, na Kiswahili sanifu ndicho alichokiazima ili kina kipate kutimia!

Yapo mambo ya historia ambayo lazima tuyajue hapa. Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuisimamia kazi hiyo katika nchi za Afrika Mashariki. Lakini Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, yaani miaka 70 kabla ya mkutano huo. Atawezaje kuwa alikiuka sheria ambayo haikuwapo? Na hata baada ya usanifishaji watu hawakuacha. Ustadh Mahmoud Mau wa hapa Lamu alitunga Wasiya wa Mabanati kwa Kiamu mwaka 1974.

Basi ukikutana na neno la lahaja katika shairi, nakushauri ujiulize maswali matatu:

1. Je, idadi ya mizani ingebadilika kama lingetumika neno la sanifu? Ikiwa haibadiliki, sababu si mizani.
2. Je, neno hilo liko penye kina? Ikiwa liko, huenda lilichaguliwa kwa ajili ya kina.
3. Je, mshairi anatumia lahaja hiyo shairi zima au hapo tu? Ikiwa ni shairi zima, hiyo ndiyo lugha yake.

Sisemi upingane na mwalimu katika mtihani, la hasha! Ukiulizwa, taja matumizi ya lahaja, toa mfano, kisha eleza sababu yake. Wala sisemi uandike insha kwa Kiamu. Sanifu ndiyo inayotukutanisha sisi na wenzetu waliotoka bara, na bila hiyo jarida hili lisingesomeka na wote. Ninalosema ni kwamba tusiite kosa kitu ambacho ni lugha ya mtu.

Jioni ya siku ya tatu nilirudi nyumbani nikamkuta nyanya akipembua mchele. Nikakaa karibu naye. Nikasema, "Nyanya, leo mtele ni mzuri." Akaniangalia sana. Nikamwomba radhi kwa siku ile ya wageni, nikamweleza habari ya mzee, ya fundi na ya yule mama. Alinisikiza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kitendawili!" Nami nikajibu, "Tega!"

ZOEZI: Maneno yafuatayo ni ya Kiamu: ndia, mtele, kitwa, yua, moya, ndoo. Andika neno la sanifu la kila moja, uhesabu mizani ya yote mawili, kisha utazame jina "utendi" na jina "utenzi" uyapime vivyo hivyo. Mimi nyanya aliponijaribu kabla sijaandika, nilipata manne tu kati ya sita. Majibu tutayajadili katika mkutano wa chama, na aliye na nyanya nyumbani amwulize yeye kwanza.