Somo la Ndege Aliye Mdogo Kuliko Ndege Wote

Ndugu msomaji, jua ya kuwa katika nchi ya Kuba yuko ndege ambaye wenyeji humwita zunzuncito, wala hapatikani penginepo. Naye ni katika jamaa ya ndege wavumaji, walioitwa hivyo kwa mvumo wa mbawa zao. Na jamaa hii yote ni ya bara la Amerika na visiwa vyake. Usimdhani kuwa ni chozi wetu. Chozi aghalabu hutua juu ya ua la mgomba ndipo anywe. Huyu hunywa naye yu angani.

Suali: Udogo wake ni kadiri gani?

Jawabu: Dume, tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia, ni yapata sentimita 5 na nusu, na uzani wake haupati gramu 2. Jike humzidi kidogo. Jike ndiye ajengaye kiota kwa tando za buibui na nyuzi za magome, akataga mayai mawili, kila moja kadiri ya buni. Naye huatamia na kulea peke yake.

Suali: Husimamaje angani asianguke?

Jawabu: Ubawa wake huzunguka begani, ukachora mfano wa tarakimu 8 iliyolazwa. Hivyo hupata nguvu ya kumchukua katika kuteremsha ubawa na katika kuupandisha pia. Mapigo hayo ni yapata 80 kwa sekunde moja, naye aweza hata kuruka kinyumenyume.

Suali: Chakula chake ni nini?

Jawabu: Ni maji matamu ya maua, na wadudu wadogo. Na hapa ndipo penye mashaka yake. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na mbawa zile huteketeza nguvu nyingi, wala mwili huo hauna pa kuweka akiba kubwa. Basi hana budi kula mara kwa mara tangu alfajiri mpaka magharibi. Ndege wavumaji wengi, usiku wa baridi au wa njaa, hupunguza joto la mwili na mapigo ya moyo, wakawa kama waliozimia, hata asubuhi wakajipasha moto tena.

Suali: Je, yumo hatarini?

Jawabu: Naam. Tangu Juan Gundlach, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani, alipomgundua mwaka 1844, misitu mingi ya Kuba imekatwa kwa mashamba ya miwa na kwa malisho ya ng'ombe, na hesabu ya ndege hawa yazidi kupungua. Ndege mkubwa akikosa chakula leo aweza kungoja kesho. Huyu kesho yake ni mbali.

Basi mwanafunzi na ahifadhi haya: kumlinda ndege huyu si kumkataza mtu kumpiga jiwe tu. Ni kuiacha miti ya maua isimame, mingi na ya karibu karibu, huu ukipukutisha maua yake na ule ukichanua, asipate siku hata moja isiyo na ua.