Kujumlisha Majaribio ya Tiba: Funzo la Streptokinasi

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini asiye na kibaba hawezi kujua ni lini kimejaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu katika utafiti wa tiba. Majaribio yalifanywa katika nchi mbalimbali, kila moja likaandikwa katika jarida lake, na mara nyingi hapakuwa na mtu wa kuyakusanya na kuyapima kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa shambulio la moyo. Ugonjwa huu hutokea, aghalabu, damu inapoganda na kuziba mshipa unaolisha misuli ya moyo. Streptokinasi ni dawa inayotokana na bakteria, nayo husaidia kuliyeyusha donge hilo. Kati ya mwaka 1959 na 1988 yalifanywa majaribio 33 ya kuitia dawa hii mshipani. Wagonjwa waligawanywa kwa nasibu, yaani kama kwa kupiga kura. Kundi moja likapewa dawa na jingine likakosa. Mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo, na mengi yake, yakitazamwa peke yake, hayakutoa jibu la uhakika, kwa kuwa katika idadi ndogo ni vigumu kutenganisha nguvu ya dawa na bahati.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Joseph Lau, waliyapanga majaribio hayo kwa kufuata miaka yake, wakayajumlisha moja baada ya jingine. Walikuta kwamba kufikia mwaka 1973, baada ya majaribio 8 tu yenye wagonjwa 2,432, ilikwisha dhihirika kuwa dawa hupunguza vifo. Majaribio 25 yaliyofuata, yenye wagonjwa 34,542, hayakulibadili jibu hilo ila kidogo sana. Msomaji na atafakari: maelfu ya watu hao waliwekwa katika kundi lisilopewa dawa, na wengi waliokuwa nje ya majaribio hawakuipata, maana vitabu vya tiba vilichelewa kuipendekeza. Ujuzi ulikuwapo, ila ulikuwa umetawanyika.

Ili kuuepuka msiba wa namna hii, wataalamu hufanya mapitio yenye utaratibu, ambayo yana hatua nne. Kwanza, swali na kanuni za kazi huandikwa mapema. Pili, majaribio yote hutafutwa, hata yasiyochapishwa. Kwani yenye matokeo ya kupendeza huchapishwa kwa urahisi zaidi. Tatu, ubora wa kila jaribio huchunguzwa, kwa sababu kujumlisha majaribio mabovu huzaa jibu bovu. Nne, matokeo huunganishwa kwa hesabu ambayo mwaka 1976 Mmarekani Gene Glass aliipa jina la metaanalisisi.

Katika hesabu hiyo wastani wa kawaida hautoshi. Tuseme jaribio la kwanza lina wagonjwa 20, na dawa imepunguza vifo 10 katika kila wagonjwa 100. Jaribio la pili lina wagonjwa 2,000, na upungufu ni vifo 2 katika kila 100. Wastani wa kawaida ni 6. Lakini tukilipa kila jaribio uzito kulingana na idadi ya wagonjwa wake, tunapata 4,200 ÷ 2,020, yaani takriban 2.1. Jaribio dogo limesikilizwa, lakini halikuruhusiwa kulifunika kubwa.

Mwaka 1993 iliundwa jumuiya ya kimataifa ya kufanya mapitio haya na kuyarekebisha kila ushahidi mpya unapopatikana. Ilipewa jina la Archie Cochrane, daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1979 aliwalaumu madaktari wenzake kwa kutokuwa na muhtasari wa namna hiyo.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Kila mwanafunzi arushe sarafu mara 10 na kuhesabu vichwa. Matokeo yaandikwe ubaoni na kujumlishwa moja baada ya jingine. Mwanafunzi mmoja huenda akapata vichwa 3, mwingine 8. Lakini kadiri jumla inavyokua, uwiano hutulia karibu na nusu. Kisha wanafunzi waulizwe: ni wakati gani tungeweza kuacha kurusha? Swali hilo hilo humpasa kila mtafiti kabla hajaanza jaribio jipya juu ya miili ya watu.