Kuvunja Ungo Mapema na Hofu ya Chakula: Wajibu wa Lugha

Utangulizi

Katika mila za Waswahili wa Pwani, msichana aliyevunja ungo hakuachwa peke yake. Alikabidhiwa somo au kungwi aliyemfafanulia mabadiliko ya mwili wake. Makala haya yanadai kwamba kazi ya somo ingali inahitajika, hasa kwa msichana anayewatangulia wenzake.

Wakati na Hatari

Kwa kawaida, dalili za kubaleghe kwa wasichana huanza kati ya umri wa miaka 8 na 13. Nyonga hupanuka na mafuta mwilini huongezeka. Hayo si maradhi bali ni ukuaji. Hata hivyo, anayeanza mapema hujiona mnene miongoni mwa wenzake ambao miili yao ingali ya kitoto. Tafiti nyingi zimehusisha hali hiyo na kutoridhika na umbo, kujinyima chakula, na kula kwa pupa kisha kujitapisha.

Aidha, mwili wenyewe unachangia. Mwaka wa 2003, Kelly Klump na wenzake walichapisha uchunguzi wa mapacha wa Minnesota, Marekani. Kwa wasichana wa miaka 11 ambao hawakuwa wameanza kubaleghe, jeni hazikuonekana kuchangia tofauti za fikra na mienendo ya ulaji. Kwa walioanza, zilichangia zaidi ya nusu. Umri ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kubaleghe.

Lugha Yetu

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Shangazi asemaye "umenenepa" huenda anasifu. Binti husikia hukumu. Wenzake nao humwita bonge au tipwatipwa. Anapoacha kula, twasema "hana hamu ya chakula", ilhali huenda ana njaa ila anaogopa kunenepa. Kauli hiyo huficha maradhi, na anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yenye viwango vya juu zaidi vya vifo.

Hitimisho

Hatuna budi kuyaita matatizo ya ulaji kwa jina lake. Mama, shangazi au mwalimu ashikaye nafasi ya somo amweleze binti mapema, kabla ya mabadiliko kuanza, kwamba unene huo ni ukuaji. Akianza kuruka milo, au kukimbilia msalani kila amalizapo kula, asikemewe wala asitaniwe; apelekwe kwa daktari. Msichana asiyeelezwa na somo wake ataelezwa na dhihaka.