Kaboya: Tuwasifu Mashujaa au Tuwaombee?



Ndugu zangu vijana, wilayani Muleba, mkoani Kagera, kuna mahali panaitwa Kaboya. Pale wamelala mamia ya askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera, na upo mnara wa kuwakumbuka. Mwaka 2013 Siku ya Mashujaa, 25 Julai, iliadhimishwa kitaifa palepale. Ukifika, hata kama wewe ni mtu wa maneno mengi, unajikuta umenyamaza.

Tukumbuke kwa kifupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia na kuteka eneo letu la kaskazini mwa mto Kagera. Watu waliuawa, mali ziliporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana: uwezo upo, sababu ipo, nia ipo. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Hata jina la mkoa lilibadilika, ukaacha kuitwa Ziwa Magharibi, ukawa Kagera.

Sasa angalia tarehe ya hotuba ile ya Mwalimu: 2 Novemba 1978. Kwetu Wakatoliki hiyo ni siku gani? Ni Kumbukumbu ya Marehemu Wote! Siku ambayo Kanisa linawaombea wafu, ndiyo siku taifa liliambiwa kwamba vijana wake wanakwenda vitani. Ni tarehe tu zilizokutana, lakini zinatufungulia somo la leo.

Swali la babu

Mdogo wake babu yangu alipigana vita ile, akarudi hai. Sisi wajukuu tulipenda kumwita shujaa, yeye hakupenda. Siku moja nikiwa likizo aliniuliza, "Frateri mjukuu wangu, yule kijana niliyempiga risasi, Mungu atanidai?" Mimi na falsafa yangu kichwani nikajibu haraka haraka: "Babu, ile ilikuwa vita ya haki." Akatikisa kichwa, akanyamaza. Hakuniuliza tena.

Jibu langu halikuwa uongo. Katekisimu inafundisha kwamba taifa lina haki ya kujilinda kwa masharti mazito (KKK 2309), na kwamba askari anayetimiza wajibu wake kwa uaminifu anachangia kweli amani na mema ya wote (KKK 2310). Lakini babu hakuwa ananiuliza juu ya taifa. Alikuwa ananiuliza juu ya roho yake. Nilimpa sifa, kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kusali naye.

Yuda Makabayo alifanya nini?

Fungua 2 Mak 12:38-46, usome taratibu. Yuda na watu wake wanakwenda kuchukua miili ya wenzao waliokufa vitani ili wawazike. Wanapoinua nguo za marehemu, wanakuta nini? Hirizi za miungu ya Yamnia, kitu kilichokatazwa na Sheria. Yaani hawa waliokufa wakipigania watu wa Mungu walikuwa na dhambi yao imefichwa kifuani!

Yuda angeweza kuficha jambo lile, akawajengea mnara, akawaita mashujaa, yakaisha. Angeweza pia kuwalaani na kuwaacha porini. Hakufanya hivyo. Alisali pamoja na watu wake ili dhambi ile ifutwe, akachangisha drakma elfu mbili za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya marehemu. Na Maandiko yanamsifu, kwa sababu alifanya hivyo akiwa na imani katika ufufuko. Ndiyo maana Katekisimu inataja habari hii inapofundisha juu ya toharani (KKK 1032).

Tunajifunza nini?

Kwanza, heshima na sala si kitu kimoja. Mnara unasema, "Ninyi mlikuwa wajasiri." Sala inasema, "Bwana, uwahurumie." Mnara ni wa haki kabisa, tuutunze. Lakini jiwe halimsaidii mtu aliye toharani. Misa inamsaidia.

Pili, hatuwaombei wafu kwa kuwa tunawadharau. Tunawaombea kwa kuwa tunawapenda kama walivyokuwa, pamoja na hirizi zao. Ukimfanya mtu malaika, humwombei tena. Unamnyima msaada huku ukidhani unamheshimu.

Tatu, sala inafika mahali ambapo mnara haufiki. Mnara wa Kaboya ni wa askari wetu, na ni sawa. Lakini Kristo alituagiza kuwaombea adui zetu (Mt 5:44), na upande wa pili nao kulikuwa na vijana wenye mama zao. Tukiwa altareni hatuulizi alivaa sare gani.

Babu alikwishafariki. Jina lake halipo Kaboya, kwa sababu alirudi hai. Hakuna mnara wa waliorudi na vita ikiwa bado ndani yao. Wapo parokiani kwako, wazee wa benchi la nyuma. Nenda ukawasalimie. Shikamoo moja, na sikio la kusikiliza. Usikimbilie kujibu kama mimi.

Zoezi la juma hili

1. Tafuta jina moja la marehemu ambaye hakuna anayemwombea tena. Mtolee nia ya Misa, au Rozari moja.
2. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, tembelea makaburi na uwaombee wafu. Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kwa masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na kukataa kila dhambi.
3. Jiulize: hirizi yangu iliyofichwa kifuani ni ipi? Usingoje wengine waje kuikuta. Kitubio kipo.

Tusali

Ee Bwana, uwapokee waliolala Kaboya, na waliokufa upande wa pili wa mto. Uwaponye waliorudi na majeraha yasiyoonekana. Utufundishe kulinda nchi yetu bila kumchukia mtu. Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani. Amina.