Chokea, Vikope na Macho Mekundu: Kutambua na Kutibu Maambukizi ya Jicho na Kope

Methali isemayo "ukipenda, chongo utaita kengeza" hufundishwa darasani kama methali ya mapenzi. Yaweza pia kusomwa kwa jicho la tabibu: anayeupa ugonjwa jina jepesi huchelewa kuutibu. Katika vilima vya Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, jicho la mtoto likiwa jekundu, jawabu la kwanza nyumbani huwa ni moshi. Mara nyingi ni moshi kweli, kwa kuwa baridi ya nyanda hizo za juu huwaweka watu karibu na mafiga. Maarifa yanahitajika siku ambayo si moshi.

Lugha yenyewe ina msamiati wa kutosha, ingawa una utata wake. Neno kope hutumika kwa kigubiko cha jicho na pia kwa nywele zinazoota ukingoni mwake. Uchafu unaoganda jichoni huitwa tongo. Kijipu kinachoota ukingoni mwa kope ni chokea. Vikope, neno lililozoeleka zaidi Tanzania, ni ugonjwa ambao wengi Kenya huuita trakoma. Anayesikia "vikope" na kudhani ni chokea kadhaa amekosea pakubwa, kama itakavyoonekana.

Chokea ndiyo nyepesi. Bakteria huingia kwenye kitezi kilicho kando ya mzizi wa unywele. Mahali hapo huvimba, huwa pekundu na kuuma. Tiba yake ni kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu, kiwekwe juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika kumi hivi, mara tatu au nne kwa siku. Chokea haiminywi. Kwa kawaida hupasuka au hunywea yenyewe katika wiki moja au mbili. Uvimbe usiouma unaobaki kwa miezi ni kitezi kilichoziba, nao huhitaji kuonwa na mhudumu wa macho. Kingo za kope zikiwasha na kutoa magamba kama mba, basi zimevimba kwa muda mrefu, na dawa yake kubwa ni kuzisafisha kila siku bila kuchoka.

Macho mekundu yana sura zaidi ya moja. Yanayoletwa na virusi hutoa machozi mengi, huanza jicho moja na kuhamia la pili, na huenea upesi, kama ilivyoonekana Dar es Salaam na baadaye Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2024. Hayo hayatibiwi kwa antibiotiki. Hupona yenyewe, muradi mgonjwa anawe mikono na asishiriki taulo na wenziwe. Tongo zito la manjano au kijani linalogandisha kope asubuhi huashiria bakteria, na hapo marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1 husaidia. Mwasho mkali katika macho yote mawili, pasipo tongo, aghalabu ni mzio.

Vikope ni jambo jingine kabisa. Kaunti jirani ya Narok ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yaliyosumbuliwa nao kwa miaka mingi, pamoja na Kajiado, Baringo, Samburu na Turkana. Bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis hupitia vidole, leso na nzi wanaofuata nyuso zenye tongo na makamasi. Mtoto huambukizwa tena na tena, na kila mara upande wa ndani wa kope hupata kovu. Miaka mingi baadaye kovu hilo huikunja kope kuelekea ndani, nywele zikawa zinakwaruza konea kila jicho linapopepesa, mpaka nuru ikafifia. Wanawake huumia zaidi kwa sababu ndio walezi wa watoto wenye maambukizi. Kung'oa nywele hizo kwa kibano huleta nafuu ya muda tu. Zikishaota tena hukwaruza vilevile, na njia ya kudumu ni upasuaji wa kuigeuza kope. Shirika la Afya Duniani linapendekeza upasuaji huo pamoja na dawa ya azithromaisini, usafi wa uso, maji na vyoo. Kati ya hayo manne, maji ndiyo magumu kupatikana katika nchi kavu.

Kwa mtoto mchanga hakuna kungoja. Macho yanayovimba na kutoa usaha katika mwezi wa kwanza huenda yameambukizwa kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa, na kisonono chaweza kutoboa konea kwa siku chache. Ndiyo maana wakunga huwapaka watoto marhamu mara wanapozaliwa.

Linalostahili kukemewa ni desturi ya kutia jichoni maji ya majani, maziwa ya mama au matone yaliyobaki ya jirani. Matone yenye steroidi hupunguza wekundu upesi, hivyo husifiwa, kumbe yanaweza kuuchochea ugonjwa wa konea na kupandisha shinikizo la jicho. Mwenye maumivu makali, anayeukimbia mwanga, mwenye doa jeupe juu ya mboni, au ambaye akifunika jicho zima hasomi vizuri kwa lile linaloumwa, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, hata kama gari la kutoka Keringet ni la alfajiri.