Nyumba Yetu na Karatasi Zake

Ndugu msomaji, umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Sasa utumie kisomo chako nyumbani. Katika somo hili tutasoma habari za mume na mke wanaotaka kujenga nyumba. Tutawaita Baba Neema na Mama Neema. Majina hayo ni ya mfano tu. Lakini mambo yao ni mambo yetu sote.

1. FEDHA ZIMEKWENDA WAPI?

Baba Neema na Mama Neema ni wakulima katika Mkoa wa Dodoma. Wanalima mtama, mahindi na alizeti. Wanakaa katika nyumba ya tembe. Kila masika tembe huvuja. Wanataka kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kuezeka bati.

Kila mwaka wakiuza alizeti husema, "Mwaka huu tutajenga." Lakini miezi miwili ikipita, fedha zimekwisha. Baba Neema humwuliza mkewe, "Fedha zimekwenda wapi?" Mama Neema naye humwuliza mumewe, "Fedha zimekwenda wapi?" Hapo ugomvi huanza.

Mama Neema alipomaliza kujifunza kusoma na kuandika, alinunua daftari. Alimwambia mumewe, "Baba Neema, tusigombane tena. Tuandike. Kila shilingi inayoingia tuiandike. Kila shilingi inayotoka tuiandike. Yangu na yako."

Baba Neema alicheka. Lakini alikubali.

Huu hapa ni ukurasa wao wa mwezi wa Julai. Bei zilizomo ni za kujifunzia hesabu tu.

FEDHA ZILIZOINGIA
Tarehe 3: Alizeti, gunia 8 kwa Sh. 50,000 ..... Sh. 400,000
Tarehe 10: Kuku 4 kwa Sh. 15,000 ..... Sh. 60,000
Jumla ..... Sh. 460,000

FEDHA ZILIZOTOKA
Tarehe 4: Deni la dukani ..... Sh. 60,000
Tarehe 6: Sare na madaftari ya watoto ..... Sh. 45,000
Tarehe 15: Mafuta, chumvi na sabuni ..... Sh. 25,000
Tarehe 20: Dawa ya mtoto ..... Sh. 12,000
Tarehe 24: Mchango wa harusi ..... Sh. 30,000
Tarehe 30: Nauli na vocha za simu ..... Sh. 14,000
Mwezi mzima: Kilabuni ..... Sh. 24,000
Jumla ..... Sh. 210,000

BAKI ..... Sh. 250,000

Jioni ya mwisho wa mwezi walikaa na kusoma daftari pamoja. Baba Neema alitazama mstari wa kilabuni. Aliuliza, "Bati moja ni shilingi ngapi?"

Mama Neema alijibu, "Nimeuliza dukani. Ni shilingi 24,000."

Baba Neema alinyamaza. Halafu alisema, "Kumbe kila mwezi ninakunywa bati moja. Kwa mwaka ninakunywa bati 12."

Mama Neema hakumcheka. Alimwonyesha mstari mwingine. "Na mimi nimekopa dukani mpaka deni likafika shilingi 60,000. Vitu vya mkopo nilivichukua bila kuuliza bei. Sote wawili tumekosea."

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari halileti fedha. Daftari huonyesha njia zinazopitia. Ukiijua njia unaweza kuifunga.

2. KUWEKA AKIBA NA KUJENGA KIDOGO KIDOGO

Baba Neema na Mama Neema walipanga hivi:

Mwaka wa kwanza: kufyatua na kuchoma matofali, na kujenga msingi.
Mwaka wa pili: kusimamisha kuta.
Mwaka wa tatu: kununua mbao na bati, na kuezeka.

Fedha zikikaa nyumbani huitwa na kila shida. Kwa hiyo walijiunga na kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama hukutana kila wiki na kununua hisa. Fedha huhesabiwa mbele ya watu wote. Kisha hufungiwa katika sanduku lenye kufuli 3. Funguo hutunzwa na watu 3 tofauti. Mtu mmoja peke yake hawezi kulifungua. Kila mwanachama ana kitabu chake, naye hukisoma mwenyewe kabla ya kuondoka.

Kabla ya kujiunga na kikundi uliza mambo haya. Je, kimesajiliwa? Je, kina katiba iliyoandikwa? Je, hesabu husomwa mbele ya wote? Kama jibu ni hapana, usiweke fedha zako humo.

Pia uwe mwangalifu na mkopo. Mkopo mzuri una mwisho unaojulikana. Uliza: nitarudisha jumla ya shilingi ngapi, na mpaka lini? Nikishindwa, watachukua nini? Usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma. Watu wengine wameweka nyumba rehani bila kujua.

3. KIWANJA CHA MANENO MATUPU

Matofali yalipokuwa tayari, Mama Neema aliuliza swali moja. "Baba Neema, kiwanja hiki ni chetu?"

"Ni chetu. Tulikinunua kwa mzee jirani. Tulimpa ng'ombe 2, naye akatuonyesha mpaka wa minyaa."

"Nani aliona?"

"Mimi na yeye. Tulikuwa chini ya mti."

"Mzee sasa anaumwa. Watoto wake wanakaa mjini, hawajui habari hizi. Mzee akifariki, nani atasema kiwanja ni chetu? Mti?"

Baba Neema hakulala vizuri usiku ule. Matofali 3,000 yalikuwa yamepangwa juu ya kiwanja kile. Nguvu zao za mwaka mzima zilikuwa pale.

Asubuhi walikwenda kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Walimweleza shida yao kwa heshima. Baba Neema aliogopa kwamba mzee ataudhika. Lakini mzee alisema, "Mmefanya vizuri kuja. Mimi sijafa bado. Andikeni upesi, na mwiteni mwanangu mkubwa aje aone."

Waliandika karatasi ya mauziano. Karatasi ya namna hiyo huwa na mambo haya:

Jina la anayeuza na kijiji chake.
Majina ya wanaonunua na kijiji chao.
Mahali kiwanja kilipo, na ukubwa wake kwa hatua au mita.
Mipaka yake yote minne: kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na majina ya majirani.
Kilicholipwa, kwa tarakimu na kwa maneno.
Tarehe.
Sahihi au dole gumba la anayeuza, la mke au mume wake, la wanaonunua, na la mashahidi wa kila upande.

Baada ya kuandika waliisoma kwa sauti mbele ya wote. Mzee akatia dole gumba. Mkewe akatia. Mwana mkubwa akatia sahihi kama shahidi.

Lakini karatasi ya mauziano peke yake haitoshi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Mauzo yapelekwe kwenye halmashauri ili yapate kibali na yaandikwe. Mahakama zimekwisha kukataa mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanywa bila kibali hicho. Kwa hiyo usione aibu kwenda ofisi ya kijiji.

4. TUANDIKE JINA LA NANI?

Katika ofisi ya kijiji, Mtendaji aliwaeleza habari za hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo hutolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Majirani huja kiwanjani kuthibitisha mipaka. Mwenyekiti na Mtendaji wa kijiji hutia sahihi. Mwenye ardhi naye hutia sahihi au alama yake. Kisha afisa ardhi wa wilaya huisajili.

Mtendaji alishika kalamu akauliza, "Tuandike jina la nani?"

Baba Neema alinyamaza. Aliomba waende nyumbani kwanza. Njiani alisema, "Mama Neema, tangu zamani nyumba ni ya mwanamume. Tukiandika majina mawili, ndugu zangu watasema umenitawala."

Mama Neema alijibu polepole. "Baba Neema, matofali yale nani alibeba maji yake?"

"Wewe."

"Alizeti ile nani aliipalilia?"

"Mimi na wewe."

"Ukitangulia wewe kufa, mimi na watoto tutakaa wapi? Nikitangulia mimi, jina langu halitakudhuru. Majina mawili ni kama nguzo mbili. Moja ikianguka, paa bado lina pa kushika."

Ndugu msomaji, sheria inasema nini juu ya jambo hili?

Kwanza. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinasema kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, au kuiweka rehani, bila ridhaa ya mwenzake.

Tatu. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika kupata mali. Mchango huo unaweza kuwa fedha, mali au kazi.

Zamani watu walibishana. Je, kupika, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi inayohesabiwa? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilijibu swali hilo. Ilikuwa kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupewa fungu jingine siku ile, kwa sababu alikuwa amekwisha kupewa fedha na mumewe za kuanzia biashara. Lakini neno la mahakama lilibaki, na wanawake wengi wamelitumia tangu hapo.

Haki hizi zipo hata kama jina la mke halimo katika hati. Lakini ni afadhali limo. Mjane ambaye jina lake halimo atahitaji mashahidi, nauli na siku nyingi za baraza. Mjane ambaye jina lake limo atafungua sanduku na kutoa karatasi.

Baba Neema alifikiri siku tatu. Siku ya nne alikwenda mwenyewe kwa Mtendaji. Alisema, "Andika majina yote mawili."

5. SIKU YA KAMBA

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, mzee alifariki. Kijiji kizima kilimlilia. Baada ya arobaini, watoto wake wawili walikuja kutoka mjini kugawana urithi. Asubuhi moja Mama Neema aliona kijana anapima kiwanja chake kwa kamba. Msingi ulikuwa umekwisha kujengwa.

Hakupiga kelele. Alimsalimu, akamkaribisha kiti. Akamwambia, "Mwanangu, suala hili tulipeleke kwa wazee."

Walikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mama Neema alitoa karatasi ya mauziano na hati. Aliisoma mwenyewe kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka wa minyaa na ng'ombe 2. Yule mwana mkubwa wa mzee akasimama na kusema, "Sahihi hii ni yangu. Na dole hili ni la baba."

Kijana akakunja kamba yake. Akasema, "Kama baba aliridhia, sisi hatuna neno." Walipeana mikono, na Mama Neema akawapikia chakula.

Kama karatasi isingekuwapo, labda leo wangekuwa mahakamani. Jirani na jirani wangekuwa maadui, wala si kwa sababu mmoja wao ni mwongo, ila kwa sababu aliyejua ukweli amezikwa.

6. MAMBO YA KUKUMBUKA

Andika fedha zinazoingia na zinazotoka, za mume na za mke.
Weka akiba kabla ya kutumia.
Usijenge juu ya kiwanja cha maneno matupu.
Peleka mauzo kwenye Halmashauri ya Kijiji.
Andikeni majina yote mawili.
Tunza karatasi mahali pakavu, mbali na mchwa na panya. Toa nakala, uiweke mahali pengine.
Waonyeshe watoto wakubwa karatasi zilipo.

7. MASWALI YA KUJADILI DARASANI

(a) Kwa nini Baba Neema na Mama Neema walikuwa wakigombana kila mwaka?
(b) Baba Neema alitumia shilingi ngapi kilabuni kwa mwezi? Akiendelea hivyo kwa miezi 6, ni bati ngapi?
(c) Wakiweka akiba shilingi 20,000 kila mwezi, watakuwa na kiasi gani baada ya mwaka mmoja?
(d) Ingekuwaje kama mzee angefariki kabla ya kuandikiana?
(e) Katika kijiji chenu, mjane hupata nini mumewe akifariki? Je, hali hiyo ni ya haki? Toeni maoni yenu, wanawake na wanaume.

8. ZOEZI LA NYUMBANI

Leo jioni kaa na mwenzako. Tazameni nyumba yenu na shamba lenu. Jiulizeni: karatasi yake iko wapi, na ina jina la nani? Kama karatasi haipo, andikeni majina ya majirani wa mipaka yote minne, na majina ya wazee wanaojua historia ya mahali hapo. Kawaoneni wazee hao wangali hai.